Mwezi Unaotembea na Jicho

Alhamisi, 12 Februari

Nimemtungia Baba sindano za kutwa. Huzichomeka kwenye mto mdogo kando ya mkeka, nyuzi zikining'inia, ili akimaliza moja achukue nyingine. Anasema ni kuokoa muda. Mwaka jana alitunga mwenyewe.

Kofia anayoishona sasa ni ya vito, kazi ya miezi. Vito ni vitundu vidogo, safu kwa safu, kila kimoja kimezungushiwa uzi. Jana niliiinua kwenye mwanga. Upande mmoja safu zinapanda kilima na kushuka. Nikairudisha palepale.

Tasnifu imekwama sura ya tatu. Mada yangu: katika fizikia ya kwanta, kupima kunahitaji mtu anayefahamu, au chombo kinatosha? Chembe kabla ya kupimwa haina mahali pamoja. Hesabu inatoa uwezekano tu: huenda huku, huenda kule. Ikipimwa, iko hapa. Nani kaamua? Msimamizi wangu kaandika pembeni: "Fizikia haina haja na nafsi ya mtu. Ondoa." Nimeondoa. Swali limebaki.

Hapa sina wa kuongea naye haya. Nilirudi Bagamoyo Mama alipofariki, nikae na Baba mpaka azoee. Yeye kazoea. Mimi bado.

Jumamosi, 14 Februari

Baba kaniuliza nani kapinda nondo za dirisha.

Nilidhani ananitania, nikacheka. Hakucheka. Anasema zimebonyea katikati kama mtu mnene kaziegemea. Alipokwenda msikitini nilizipima kwa rula. Zimenyooka.

Najua maana yake. Katikati ya pazia la nyuma ya jicho, pale tunapotumia kusoma na kutunga uzi, pamechakaa. Nilimwambia twende hospitali. Akasema baada ya Ramadhani. Akasema pia nisimwambie mtu, na Shangazi Mwanaisha asijue kabisa.

Naelewa. Mwezi unakaribia kuandama, na Baba ndiye jicho la msikiti wetu. Mwezi wa kufungua, yaani wa Idi, hutaka mashahidi wawili. Wa kuanza kufunga, mmoja mwadilifu anatosha, na kwa miaka yote ninayokumbuka huyo mmoja amekuwa yeye. Mtaani ni Mzee Kibwana Jicho. Hana shamba wala cheo. Ana jina hilo.

Naogopa Jumanne, siku ya kuutazama.

Jumanne, 17 Februari

Nimefanya jambo baya na lilikuwa kweli.

Tulikwenda kwenye mashamba ya chumvi, kaskazini mwa mji. Wageni hudhani mwezi tunautafuta baharini. Bahari iko mashariki, mwezi mchanga huonekana magharibi, juu ya nchi kavu. Pale chumvini hakuna nyumba wala minazi ya kuziba. Tukasimama juu ya tuta, wanaume mbele, sisi wanawake wachache nyuma. Sheikh Haruna wa msikiti wetu alikuja na kiti chake cha kukunja.

Hesabu nilikuwa nimeshafanya. Mwezi ulipishana na jua leo hii alasiri. Jua lilipozama ulikuwa na umri wa saa chache, umelishikilia jua kama mtoto na mguu wa mama. Hakuna jicho la binadamu linaloweza kuutenga. Nilijua hatutaona kitu, nikafurahi. Hakuna kuona, hakuna aibu.

Baba akanyoosha mkono. "Ule pale."

Kijana mmoja akasema naye anauona. Mwingine akasema kama vile. Sheikh akamuuliza Baba pembe zake zinaelekea wapi. Baba akaeleza bila kusita, mwembamba, umelala chali, pembe juu. Ndivyo mwezi wa huku unavyolala. Alikuwa anauona. Namjua baba yangu. Uongo humkausha mdomo, na mdomo wake haukuwa mkavu.

Sheikh akanitazama. Labda alikuwa ameshasikia minong'ono, labda ni uso wangu.

"Rukia, mwanangu. Macho ya baba yako yakoje?"

Ningeweza kusema mazima. Ningeweza kusema, muulize mwenyewe. Nilisema, "Hayaoni vizuri, Sheikh. Hata sindano namtungia mimi."

Mbele ya watu wote.

Wale vijana wawili wakasema, ah, nao hawakuwa na hakika. Sheikh akakunja kiti. Akasema tutakamilisha Shaabani thelathini. Tulirudi mimi na Baba tumetengana, yeye mbele.

Jumatano, 18 Februari

Baba amefunga.

Mji haujafunga, isipokuwa wale wanaofuata mwandamo wa nchi za nje. Kwa kanuni yetu, aliyeuona peke yake hufunga peke yake, hata watu wakimkatalia. Aliamka alfajiri akanywa maji, akala kipande cha muhogo wa jana, akarudi kulala. Hakuniambia kitu. Mimi nikanywa chai jikoni, mlango nimeusindika, kama mwizi.

Shangazi kaja saa nne, habari keshazipata. Ni dada yake Baba, anakaa nyumba ya pili. Hakuketi.

"Umemvua baba yako nguo hadharani."

Nikamwambia Sheikh kaniuliza.

"Sheikh kakuuliza macho. Hakukwambia umtoboe." Akachungulia chumbani kwa Baba. "Na elimu yote hiyo. Hukujua hata kukohoa?"

Ningekohoa. Kweli, ningekohoa tu.

Ijumaa, 20 Februari

Kwa mji leo saumu ya pili. Kwa Baba ya tatu. Tunafuturu mkeka mmoja na kalenda mbili.

Kanijibu "marahaba" asubuhi. Basi. Sindano katunga mwenyewe, au kajaribu. Sikusikia akiniita.

Nimekaa chumbani na karatasi yenye nukta mbili. Funga jicho moja, kaza lingine kwenye nukta ya kwanza, sogeza karatasi taratibu. Mahali fulani nukta ya pili inapotea. Pale mshipa unapotoka nyuma ya jicho hakuna kinachopokea nuru, kila mtu anapo. Kinachonikera si kwamba nukta inapotea. Ni kwamba hakuna shimo. Karatasi inabaki nyeupe, nzima. Ubongo unakisia kilichopo na kupaka. Haukwambii kwamba umepaka.

Kwa hiyo mwezi wa Baba. Jicho lenye pengo katikati. Mahali anapopajua, saa anayoijua, umbo alilolitazama maisha yake yote. Ubongo ukapaka.

Haya naweza kuyaeleza yote. Kwa nini nuru, kwa nini mshipa, kwa nini pembe juu. Ila ule mwezi wenyewe, ulivyokuwa kwake, weupe wake, furaha ya kuuona, siwezi kuingia. Hakuna kipimo kinachoingia. Nimeishi nyumba moja na mtu huyu na sijawahi kuwa ndani ya macho yake hata kwa kope moja.

Nimechoka kuwa peke yangu ndani ya kichwa.

Jumatatu, 23 Februari

Nilimwandikia Tausi, niliyekaa naye chumba kimoja chuoni. Ujumbe mrefu: doa pofu, mwezi, kwanta, Baba. Alinijibu jioni kwa picha ya kidole gumba, basi.

Msimamizi anauliza sura ya tatu.

Shomari fundi baiskeli kanipigia kelele barabarani, "Binti Jicho, leo mwezi gani?" Wenzake wakacheka. Baba alikuwa akipita hapo kila siku kwenda kuswali. Sijui walimwambia nini. Siku hizi hupita uchochoro wa nyuma.

Jumapili, 1 Machi

Nimekuta kofia imefumuliwa. Nyuzi zote kwenye bakuli, kama tambi. Kazi ya tangu mwaka jana. Kafumua yeye mwenyewe. Alipapasa kwa kidole gumba, akajua safu zimepinda.

Nililia jikoni. Futari ikaungua chini, magimbi. Tulikula hivyohivyo. Hakulalamika, na hilo likawa baya zaidi.

Alhamisi, 5 Machi

Baba kaongea.

Tulikuwa tunangoja adhana ya magharibi, sahani ya tende katikati yetu. Akasema bila kunigeukia, "Ule mwezi niliuona, Rukia. Sikuwadanganya."

"Najua, Baba."

"Na wewe unasema haukuwepo."

"Haukuwepo."

Halafu akasema huwa anauona hata ndani. Hata sasa, juu ya ukuta, pale karibu na saa. Mwembamba vilevile, unametameta kidogo. Alisema kwa sauti ya chini kama mtu anayekiri kuwa na mgeni chumbani. Kumbe hilo ndilo lililokuwa linamla. Alidhani kachezewa na shetani. Au kwamba akili inaondoka, kama ilivyomwondoka babu yake.

Nikaogopa kumuuliza na nikamuuliza. Nikamwambia aendelee kuutazama. Sasa ahamishe macho, taratibu, mpaka mlangoni. Mwezi umekwenda wapi?

Akahamisha.

"Umenifuata."

Nikamwambia atazame mtungi. Ukamfuata mtungini. Dari. Ukamfuata darini. Nikamweleza: kilicho nje hubaki kilipo ukiondoa jicho. Kilicho ndani hutembea na jicho. Si shetani, si wazimu. Ni kazi ya jicho bovu na ubongo usiopenda pengo.

Adhana ikaingia. Hakuchukua tende. Nilidhani angeshukuru. Alikaa tu, macho yakienda mlangoni na kurudi ukutani, mlangoni na ukutani, akiujaribu. Nilimwona anaupoteza. Mwezi aliokuwa nao kwa siku zote hizi, uliomfanya afunge peke yake, nimemwondolea mimi kwa zoezi la darasani.

Nilikuwa sahihi tena. Sijui kwa nini kila nikiwa sahihi mtu mwingine anabaki na njaa.

Jumamosi, 7 Machi

Amekubali hospitali. Kisha akakataa: watamtia matone machoni, saumu itaharibika. Nikamwambia jicho halina njia ya kwenda tumboni. Akasema fizikia si fikihi.

Shangazi akamwita Sheikh Haruna. Kaja mwenyewe mpaka barazani, mara ya kwanza tangu siku ile. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nikikuna nazi.

"Kibwana, matone hayafunguzi. Jicho si njia ya tumbo."

"Ndivyo alivyosema binti."

"Basi unao mashahidi wawili. Ukikaa upofuke ili usipate tone, hiyo si saumu, ni ukaidi."

Baba akacheka. Nimesahau mara ya mwisho kumsikia. Nikaacha kukuna nisikie vizuri.

Jumatatu, 9 Machi

Dar es Salaam na kurudi. Daktari ni dada wa makamo, mpole, ana haraka. Ni kama nilivyodhani. Katikati ya macho yote mawili pamekufa kidogo kidogo, kwa uzee. Miwani haitasaidia. Kilichokwenda hakirudi. Pembeni patabaki, hatakuwa kipofu wa fimbo. Na maumbo anayoyaona ni ya kawaida, wagonjwa wengi wanayo, wanaogopa tu kusema.

"Ajifunze kutazama kando ya kitu," akaniambia. "Asikikabili."

Baba akamjibu yeye. "Maisha yangu yote nawakanya watoto wasitazame watu kwa pembeni."

Njiani kurudi alilala, kichwa kikanigonga bega. Sikusogea mpaka tunashuka.

Jumamosi, 14 Machi

Tunashona wote. Mimi sindano, yeye kidole. Nikimaliza safu anapitisha gumba juu yake.

"Safu yako imelewa. Fumua."

Nafumua. Mkono wangu mzito, sijawahi kuwa na subira ya kitu kisichoandikwa. Leo Shangazi kaniletea sahani ya vitumbua, kaiweka bila neno. Kwa Shangazi hiyo ni hotuba.

Nimerudisha lile swali kwenye sura ya tatu. Nimeliandika upya: sidhani dunia inatungoja tuitazame ndipo iwe. Chembe ya nuru ikigonga ukuta wa chumvi imeshagonga, kuwe na mtu au asiwepo. Lakini chembe chache hizohizo zikigonga nyuma ya jicho, katika giza, huzaa kitu ambacho ukuta hauna. Mtu anaona. Hapo hesabu yangu inakoma, na sioni aibu kuandika kwamba inakoma. Msimamizi ataondoa. Aondoe.

Baba bado yuko siku moja mbele yetu. Hajasema kitu kuhusu ile saumu ya kwanza. Mimi siulizi.

Alhamisi, 19 Machi

Kwa mji leo ya ishirini na tisa. Kwa Baba ya thelathini. Mwezi uonekane usionekane, kwa hesabu yake kesho ni Idi, na hataifunga.

Sikutaka kwenda chumvini. Baba ndiye aliyevaa kanzu akasimama mlangoni.

Watu wengi kuliko siku ile. Watoto, vijana na simu, Shangazi naye, nguo yake ya Idi iko kwa fundi. Leo mwezi ulikuwepo. Mchanga mno, umri wa saa kumi na nne hivi, chini karibu na vichaka. Si muhali kuuona, ila ni jirani ya muhali. Ungekuwa hapo kwa muda mfupi halafu uzame.

Mtu akamuuliza Baba, sijui kwa adabu au kwa kejeli, "Mzee Jicho, vipi?"

"Mimi naona mwezi kila ninapogeuza shingo. Msinihesabu."

Hakuna aliyecheka. Alisema kama anayetaja bei.

Nikatazama. Rangi ya machungwa, juu yake kijani hafifu, juu yake buluu. Nikatazama kando, kwa pembeni, kama alivyosema daktari. Na nikaona. Unywele. Mkwaruzo wa nuru usio na upana. Nikahamisha jicho kulia kuujaribu, ukabaki. Nadhani ulibaki. Nikarudi, haupo. Nikautafuta mahali hesabu yangu ilipouweka, na ndilo tatizo: mahali nilipouona ndipo nilipojua utakuwa. Nilitaka uwepo. Nilitaka kwa mwili mzima. Ningempa nini Baba kikubwa kuliko mwezi wa Idi siku yake ya thelathini? Mji ungefungua naye. Hesabu zetu zingekutana, na ile siku moja hakuna ambaye angeikumbuka.

Ushahidi wangu mimi hauhesabiki kwa mwezi wa kufungua, wanatakiwa wanaume wawili. Lakini ningenyoosha kidole tu. Wangeangalia kidole kinapoelekea, na wangeuona. Watano, kumi. Wala wasingekuwa waongo.

Mkono wangu ulikuwa mzito kama ndoo. Nikauacha chini.

Sheikh kaniona nilivyokuwa nakaza macho. "Rukia. Umeona?"

"Sina hakika, Sheikh."

Shomari fundi baiskeli, nyuma yangu: "Haya. Baba anaona pasipo na mwezi, binti haoni penye mwezi."

Hapo walicheka. Baba akageuka kuelekea sauti, si kumwelekea Shomari hasa, kidogo kando yake, na kumbe ndivyo alivyomwona.

"Mwache, Shomari. Kasema hana hakika. Na mimi ningesema hivyo siku ile, tusingegombana nyumbani mwezi mzima."

Giza likaingia. Hakuna mwingine aliyeona. Sheikh akasema thelathini. Watoto wakanung'unika njia nzima, na Shangazi akasema fundi wake hata hivyo hajamaliza.

Nyumbani nimeandaa daku la mtu mmoja. Wali uliobaki, mchuzi wa papa. Sijamuuliza Baba kesho anafanya nini. Kwa kanuni aliyeuona peke yake na akatimiza thelathini hula kesho ndani, kimyakimya, bila kuwaonyesha watu. Atakula peke yake, mimi nitafunga. Tulianza hivyo, tutamaliza hivyo.

Ijumaa, 20 Machi

Alfajiri nilikuwa nakula daku taa imefifia. Mlango wa chumba chake ukafunguka. Akaja akaketi mkekani, akapapasa sahani ilipo, akala nami. Tulikula kutoka sahani moja. Mchuzi ulitosha. Akanywa maji, akatia nia kwa sauti ya chini, akaenda kutawadha.

Amefunga. Ramadhani haina siku ya thelathini na moja. Kwa hiyo ile ya kwanza si Ramadhani tena. Aliifunga tu, siku ambayo watu wote wanakula, kwa mwezi uliomfuata. Hakuitaja. Mimi nimeandika hapa kwa sababu hakuna mwingine atakayejua.

Jioni hatukuhitaji kwenda chumvini. Mwezi ulikuwa juu, mnene, kila mtoto mtaani anauona. Tulikwenda hata hivyo, wawili. Maji ya chumvi yametulia, meupe.

Nikamwambia atazame kilele cha kile kichaka, kushoto kidogo. Asiukabili. Akainamisha kichwa. Alichukua muda.

"Kuna kitu."

"Hamisha macho, Baba. Mpaka kwangu."

Akahamisha. Akanitazama, au alitazama sikio langu. Kisha akarudi kule.

"Umebaki," akasema. Akajaribu tena, mara nyingine, na nyingine. "Umebaki palepale."

Tukasimama. Baadaye akauliza kama ni mwekundu kidogo au ni macho yake. Nikamwambia ni mwekundu. Vumbi la magharibi.

Sijui wekundu wake ukoje. Sitajua. Aliushika mkono wangu kushuka tuta, akasema kesho nimtungie sindano mapema kabla ya swala, kuna kitufe cha kanzu kimelegea.